Kuacha Pombe na Boost kwa Kusaidiana: Mazungumzo ya Kibenga



Maneno haya niliyasema Kibenga, upande wa kusini wa jiji la Bujumbura, mbele ya wakimbizi wenzetu wanaoishi mjini. Walikuwa kama watu arobaini, wamekaa kwenye mikeka na ndoo zilizopinduliwa. Wenye kutoa karatasi hii wameniomba niyaandike ili na ninyi mlio kambini myapate. Nimeyaacha karibu kama yalivyokuwa, ila nimeongeza machache yanayohusu hapa kwetu.

Wazee wetu, mama zetu, ndugu na dada zangu, hamjambo. Najua kwamba mimi ni mtoto mbele ya wengi wenu, na kwa desturi yetu mtoto hamwambii mzee habari ya chupa yake. Mnisamehe. Sikuja kumhukumu mtu. Nimekuja kwa sababu ya deni.

Kibenga siyo mahali pageni kwangu. Nilifika huko mwaka 2017, nikiwa na miaka kumi na saba, nikitokea Uvira kwa njia ya Gatumba. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa zamu kwenye nyumba moja kubwa yenye ukuta mrefu. Tuliishi nyuma ya nyumba hiyo, katika chumba cha boyeri, yeye, mimi na mdogo wangu. Alikuwa mtu mpole. Karo yangu ya sekondari aliilipa yeye, kwa mshahara wa kufungua na kufunga geti. Lakini alikunywa kanyanga. Alianza kabla ya jua kuchomoza, kwa sababu bila kikombe cha kwanza mkono wake ulitetemeka hata ufunguo haukuingia kwenye kufuli.

Siku moja bosi alimkuta amelala, geti liko wazi. Akamwambia: mara nyingine utaondoka. Basi ndugu tukakutana, pamoja na mzee mmoja wa kanisa, tukaamua kumsaidia. Tulimfungia ndani siku ya Jumamosi, na maji, na uji, na maombi. Mjomba mwenyewe alikubali. Alisema, "Nifungieni, mimi nimechoka." Aliyeshika ufunguo ni mimi.

Jumapili alitetemeka mwili mzima na kulowa jasho. Tukasema, pombe inatoka. Jumatatu alianza kusema na askari ambao hawakuwamo chumbani, akawaomba wasiwachukue watoto. Tukasema, amekumbuka vita, au ni pepo. Usiku wake alianguka degedege, mara ya kwanza, mara ya pili. Tulimpeleka hospitali kwa taksi, na kabla ya alfajiri alikuwa amekufa. Muuguzi aliniuliza swali moja tu: mara ya mwisho alikunywa lini? Nilipomjibu, alinyamaza kidogo, kisha akanieleza kwamba mwili uliozoea pombe kali miaka mingi ukinyimwa ghafla unaweza kufa. Sikujua. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua.

Kwa hiyo jambo la kwanza ninalowaomba mlishike, hata kama mengine yote mtayasahau, ni hili. Mtu anayekunywa pombe kali kila siku, hasa yule anayehitaji kunywa asubuhi ili mikono itulie, asiachishwe kwa nguvu nyumbani na asifungiwe. Degedege huweza kuja kati ya saa sita na siku mbili tangu kikombe cha mwisho. Kuchanganyikiwa, kuona watu wasiokuwepo, homa na moyo kwenda mbio huja mara nyingi siku ya pili mpaka ya nne. Hiyo ni hatari ya kifo, na ina dawa. Zahanati au hospitali humpa mgonjwa dawa za kutuliza ambazo hupunguzwa kidogo kidogo, pamoja na vitamini B1. Kwa watu wengi kazi hiyo huchukua kama wiki moja. Mpelekeni kwanza huko, msione haya. Na kama dalili zimeshaanza usiku, msingoje asubuhi.

Sasa nije kwenye habari niliyoitiwa, yaani vikundi vya hatua kumi na mbili. Wengi wameuliza kama ni dini mpya ya wazungu, au mradi mpya wa shirika. Si dini wala si mradi. Nitawaeleza vilivyoanza, maana mwanzo wake unaeleza kila kitu.

Mwaka 1935 kulikuwa na mtu Marekani aitwaye Bill Wilson, mfanyabiashara wa New York. Pombe ilikuwa imemharibia kazi na jina. Alikuwa ameacha kwa miezi michache tu. Akasafiri kwenda mji wa Akron, katika jimbo la Ohio, kwa biashara, na biashara ikavunjika. Akabaki peke yake hotelini, fedha kidogo mfukoni, na ndani ya hoteli hiyo anasikia kelele za watu wanaokunywa na kucheka. Ninyi mnajua jaribu hilo. Akaenda kwenye simu akawapigia watu wa makanisa, na ombi lake lilikuwa la ajabu: alitaka wamwonyeshe mlevi mwingine ambaye angeweza kuzungumza naye. Alikuwa ameona kwamba akisaidia mlevi mwenzake, yeye mwenyewe hanywi siku hiyo.

Walimpeleka kwa Robert Smith, daktari wa upasuaji, ambaye naye pombe ilikuwa imemshinda. Daktari huyo alijua vizuri pombe inavyoharibu mwili, alikuwa amesoma kuliko sisi sote hapa, na elimu yake haikumsaidia. Alikubali kukaa dakika kumi na tano tu. Walikaa masaa. Na hata hivyo, wiki chache baadaye daktari alisafiri, akalewa tena. Walianza upya. Alikunywa mara ya mwisho tarehe 10 Juni 1935, na siku hiyo ndiyo inayohesabiwa kuwa mwanzo wa chama kinachoitwa Alcoholics Anonymous, maana yake walevi wasiotaja majina yao. Mwaka 1939 walitoa kitabu chenye hatua zao kumi na mbili. Mwaka 1951 wake na ndugu za walevi walikuwa na chama chao, Al-Anon. Mwaka 1953 waliokuwa wakitumia dawa za kulevya huko California walianzisha chao, Narcotics Anonymous. Leo vikundi hivi viko katika nchi nyingi, Afrika ya Mashariki ikiwemo.

Hatua zenyewe nitazisema kwa maneno yangu. Kwanza mtu anakiri kwamba pombe au dawa imemshinda, na maisha yake hayatawaliki tena. Kisha anakubali kuwa iko nguvu kubwa kuliko yeye inayoweza kumrudisha, na anajiweka chini yake, kila mmoja kwa jinsi anavyomjua Mungu. Baada ya hapo anajikagua kama mwenye duka anavyohesabu mali, bila kuficha, na anamsimulia mtu mmoja anayemwamini yale aliyoyaona. Anaomba kasoro zake ziondolewe. Anaandika majina ya wote aliowakosea, na anakwenda kutengeneza anachoweza kutengeneza, isipokuwa pale ambapo kufanya hivyo kutamwumiza mtu. Anaendelea kujikagua kila siku na kusali. Na mwisho anawapelekea wengine alichokipata. Hizo ndizo. Hazimalizwi kwa wiki kumi na mbili kama mafunzo ya ushoni. Wengine huchukua mwaka, wengine hurudia tena na tena maisha yote.

Nataka nikae kidogo kwenye ile ya kutengeneza, kwa sababu huku kwetu ndipo penye uzito. Kule Kibenga wapo watu wachache waliokuwa wamekwisha kuanza kukutana, wengi wao zamu. Waliyoyasema siwezi kuwaambia. Mmoja tu amenipa ruhusa. Yeye aliuza charahani ya dada yake. Charahani hiyo dada aliibeba kutoka Kongo, akaivusha mpakani, ndiyo iliyolisha watoto wanne. Aliiuza, akanywa siku tisa. Baada ya kuacha, alikwenda kwa dada yake kuomba msamaha. Alifikiri watalia pamoja. Dada akamwambia, "Msamaha wako siwezi kushonea nguo. Niletee charahani." Alirudi kwenye kikundi amekasirika sana. Wenzake hawakumpa pole. Walimwuliza anaweza kulipa kiasi gani. Sasa anampelekea faranga elfu tano kila mwezi, na dada anaandika kwenye daftari bila kumkaribisha ndani. Bado hajamkaribisha. Lakini anaandika.

Nasema haya kwa sababu kambini watu wengi wana madeni ya namna hii. Turubai liliuzwa. Maharage ya mgao yaliuzwa, na tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2025 kosa hilo limekuwa kubwa zaidi, maana hakuna wa kuazima. Karo ya mtoto ilikunywewa. Kuomba msamaha bila kulipa ni maneno. Lakini angalieni pia ile isipokuwa niliyoitaja. Ikiwa ulimpiga mke wako hata akakimbia, na mpaka leo anakuogopa, usimfuate sehemu anakoishi eti unatimiza hatua ya tisa. Hapo unamtisha mara ya pili. Lipa matunzo ya watoto kwa njia ya mtu mwingine na ukae mbali. Na yale ya vitani, ndugu zangu, mtu aseme yake mwenyewe tu. Asitaje majina ya wengine, kwa maana majina hayo yanaweza kuua mtu.

Linakuja swali la siri. Watu wa Kibenga waliniuliza, na hapa kambini litakuwa gumu maradufu, kwa sababu nyumba zetu zimebanana, mtu akikohoa usiku jirani wa tatu anampa pole asubuhi. Tutakuwaje wasiotaja majina mahali ambapo wote tunajuana mpaka namba za karatasi zetu za mgao? Jibu langu ni kwamba hatutaweza kuficha nani anaingia kwenye kikundi. Hilo tusidanganyane. Tunachoweza kulinda ni yanayosemwa ndani. Kinachosemwa pale hakiendi kisimani, hakiendi kanisani wala msikitini, hakiendi ofisini. Mimi ni mfanyakazi wa jamii, na wengine wanadhani nitapeleka taarifa. Sitakaa ndani ya kikundi chenyewe, maana mimi si mlevi. Nitafungua mlango na kuondoka. Ila niliwaambia wale wa Kibenga, na ninawaambia ninyi mapema: nikisikia mtoto anaumizwa, hilo sitalinyamazia. Ni sharti la kazi yangu, na ningefanya hivyo hata bila sharti.

Tulikuwa na mabishano kidogo ofisini kuhusu orodha ya waliohudhuria. Mnajua kila mkutano wetu una karatasi ya jina, namba, umri na saini. Nilisema kikundi hiki kikiwa na karatasi hiyo, hakuna atakayekuja, na akija atasema uongo. Tulielewana hivi: tutahesabu vichwa tu. Vilevile hakutakuwa na sabuni, hakuna fanta, hakuna nauli. Najua wengine wamecheka hapo. Lakini tukigawa sabuni, nusu ya kambi itakuwa walevi ifikapo Ijumaa. Vikundi hivi tangu zamani havitozi ada wala havipokei fedha za watu wa nje. Wenyewe wanachanga kidogo kwa ajili ya chai.

Kuhusu dini. Mzee mmoja Mwislamu wa Buyenzi alisimama akasema mambo haya ni ya Wakristo. Nilimpa mfano wa Zanzibar, ambako karibu watu wote ni Waislamu. Heroini iliingia visiwani huko kwa njia ya bahari na vijana wengi wakaangamia. Mwaka 2009 watu waliokuwa wenyewe wametumia unga walifungua nyumba ya kwanza ya kuishi walioacha, wao wanaiita soba hausi, na nyingine zikafuata. Wanaoishi humo wanafuata hatua hizi kumi na mbili, na wanaswali swala zao tano. Hawakuona mgongano. Mzee alikaa akasema, "Basi kama wanaswali." Kwa upande wa makanisa yetu, nasema hivi: kuombewa ni vizuri, na mjomba wangu aliombewa sana. Laiti tungemwombea akiwa kwenye kitanda cha hospitali.

Vijana waliniuliza juu ya boost. Kwa wasioijua, hiyo ni heroini inayouzwa Bujumbura, mara nyingi imechanganywa na vitu vingine. Wengine wanaivuta, wengine wanajidunga. Hapa kambini watu wanasema hakuna. Mimi sisemi. Nasema tu kwamba vijana wetu wanakwenda mjini na kurudi. Yenyewe ina tabia tofauti na pombe. Mtu akiacha, mateso huanza siku hiyohiyo au siku inayofuata: maumivu ya mifupa, kuhara, machozi, kukosa usingizi. Hukaza siku ya pili na ya tatu, kisha hupungua kama baada ya wiki. Tanzania wanaiita arosto. Mateso hayo ni makali lakini mara chache humwua mtu mwenye afya, mradi anywe maji ya kutosha. Kinachoua huja baadaye. Mwili uliopumzika wiki tatu umesahau kile kipimo cha zamani. Kijana akirudia na kuchukua kiasi kilekile alichozoea, pumzi inasimama. Mama, kijana wako akitoka gerezani au akirudi baada ya kuacha, siku zake za hatari ni hizo, wakati ninyi mnasherehekea. Na wanaojidunga wasishirikiane sindano, kwa sababu ya ukimwi na homa ya ini.

Iko pia dawa iitwayo methadoni, ambayo mtu huinywa kila siku mbele ya mhudumu na humwondolea arosto. Tanzania ilianza kuitoa Muhimbili, Dar es Salaam, mwaka 2011, na Zanzibar mwaka 2015. Wapo katika vikundi wanaosema anayekunywa methadoni hajaacha. Mimi sikubaliani nao. Mtu aliye hai, anayefanya kazi na kulala nyumbani kwake, hana sababu ya kuona haya mbele ya mtu yeyote.

Je, vikundi vinasaidia kweli? Mwaka 2020 watafiti walipitia tafiti 27 zilizohusu walevi zaidi ya 10,000. Waliona kwamba kumwelekeza mlevi kwenye kikundi cha hatua kumi na mbili, kwa utaratibu mzuri, kunawafanya watu wengi zaidi waache kabisa kuliko baadhi ya matibabu mengine ya mazungumzo. Nyingi ya tafiti hizo zilifanyika Marekani, mbali na maisha yetu. Sitawaahidi zaidi ya hapo. Wengi huanguka wakaanza tena, kama yule daktari. Na asiyependa kikundi anaweza kuzungumza na muuguzi au mshauri peke yake.

Akina mama wanaopika kanyanga na urwarwa waliniangalia kwa jicho baya tangu mwanzo wa mkutano. Mmoja akaniambia, "Ukifunga mdomo wa walevi, nani atanunulia wanangu chumvi?" Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Vikundi hivi havipigani na wauzaji wala havipeleki majina kwa polisi. Niliwaomba jambo moja tu: mtu akisema leo hanywi, msimfuate na kikombe cha bure. Wawili walikubali. Yule aliyeniuliza hakusema kitu.

Basi, ndugu wasomaji, hapa kambini tutaanza Jumatano ijayo. Kikundi cha wanaotaka kuacha kitakutana saa tisa alasiri katika darasa la mwisho la shule ya msingi, wanafunzi wakishatoka. Sharti la kuingia ni kutaka kuacha, hata kama umekunywa asubuhi hiyo. Ila ukiwa umelewa utasikiliza tu, hutasema. Wake, waume, wazazi na watoto wakubwa wa walevi watakutana Ijumaa, saa hiyohiyo, mahali hapohapo, na wao hawataulizwa mgonjwa wao ni nani. Anayekunywa kila siku apite kwanza zahanati kabla ya kuacha. Aseme amekuja kwa habari ya Jumatano, muuguzi wa zamu ataelewa, na ikibidi nitamsindikiza mwenyewe, hata usiku. Nyumba yangu iko karibu na bomba la pili, mlango wa buluu. Kila mtu aje na kitu cha kukalia.